Sura ya Sita: Ufa Husomwa Kabla ya Kuzibwa

Mwenye nyumba ya kupangisha katika Mji Mkongwe wa Unguja ana mali ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama. Tangu mwaka 2000 mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ndani yake mna majengo takriban 1,700, mengi yakiwa ya mawe ya matumbawe na chokaa. Chini huwa na duka, ghorofa za kati zina familia, na juu, palipokuwa pa kuanikia nguo, siku hizi pana vyumba vya wageni. Kodi inaingia, na kwa nje nyumba inaonekana imetulia. Kumbe ndani ya ukuta kuna kazi inayoendelea usiku na mchana, na kazi hiyo ni ya maji.

Sote tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni ya kweli, lakini wengi tumeishika nusu. Tunaziba ufa bila kuuliza umeletwa na nini. Ufa wa namna hiyo hurudi, na ukirudi huwa ghali zaidi, kwa kuwa muda wote huo maji yalikuwa yakila mawe nyuma ya lipu mpya. Hoja ya sura hii ni moja: katika nyumba kongwe, matengenezo huanza kwa kujua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Fundi, vifaa na fedha hufuata baada ya hapo.

Ukuta huu umejengwaje

Huwezi kuitibu nyumba ya mawe kwa dawa ya nyumba ya matofali. Waashi wa zamani walichoma matumbawe katika tanu, wakapata chokaa, wakailoweka, wakaichanganya na mchanga na udongo mwekundu. Kwa mchanganyiko huo wakashikiza mawe ya matumbawe, wakainua kuta zenye unene wa nusu mita na zaidi. Sakafu na mapaa walivilaza juu ya boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, juu yake wakamwaga mawe madogo na chokaa, wakaponda mpaka ikashika. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, na ndiyo maana vyumba vingi vya mji huu ni virefu lakini vyembamba, vya mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta.

Ukuta wa chokaa hunywa maji. Mvua ikiupiga hunywa, ardhi ikiwa na unyevu hunywa kutoka chini, kisha jua na upepo vikija huyatoa yale maji kupitia uso wake. Pia hujipinda kidogo kidogo bila kuvunjika, kwa sababu chokaa ni laini. Kwa sifa hizo mbili, nyumba hizi zimebeba masika nyingi kuliko umri wa yeyote anayezipangisha leo.

Saruji haina sifa hizo. Ni ngumu, na haiyapi maji njia ya kutoka kwa wepesi. Ukiipiga juu ya ukuta wa chokaa, mwaka wa kwanza ukuta unang'aa na mwenye nyumba anafurahi. Kisha ukuta unacheza kidogo, kama ulivyozoea, na saruji isiyojua kucheza inapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Maji huingia humo na kukosa pa kutokea. Chumvi iliyomo ardhini, au katika mchanga wa pwani uliotumiwa, husafiri pamoja na maji hadi nyuma ya lipu. Maji yakikauka, chumvi inabaki, inaganda, inavimba na kuisukuma lipu. Siku moja pande zima linaanguka, na limeng'oa uso wa jiwe. Mwenye nyumba anamwita fundi, fundi anakuja na mifuko mingine ya saruji, na kila mzunguko ukuta unapungua.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni chokaa kwa chokaa. Lipu ya chokaa hupigwa kwa matabaka membamba, kila tabaka likipewa muda kabla ya linalofuata. Chokaa haikauki tu kama udongo. Huvuta hewa ya ukaa kutoka angani na polepole hurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana hutaka kivuli na kunyunyiziwa maji siku za mwanzo, na ndiyo maana fundi anayekuahidi kumaliza ukuta mzima kwa siku mbili anakuahidi kazi nyingine. Rangi nayo iwe ya chokaa. Rangi ya mafuta na zile za plastiki huufunga ukuta kama saruji inavyoufunga, hata kama lipu ya chini yake ni nzuri.

Unyevu una majira yake

Doa la unyevu ukutani halitoshi kukuambia chanzo chake. Kinachokuambia ni majira. Ukuta unaolowa masika na vuli, na kukauka kaskazi, maji yake yanatoka juu: paa limetoboka, mrizabu umeziba, au maji ya paa la jirani yanamwagikia upande wako. Ukuta unaolowa sehemu ya chini tu, mwaka mzima, kwa mstari unaokwenda sambamba na sakafu, unanyonya kutoka ardhini. Mara nyingi uchochoro umeinuliwa kwa zege mpaka maji yanaelekea nyumbani, au shimo la maji machafu limejaa. Ukuta unaolowa wakati wa jua kali, katikati au juu, hauna uhusiano na mvua wala ardhi. Hapo tafuta bomba.

Katika nyumba moja ya ghorofa tatu, upande wa Malindi, chumba cha ghorofa ya kwanza kilikuwa kimepigwa lipu zaidi ya mara moja, na doa likarudi palepale. Fundi mwashi aliyeitwa safari hii hakutoa mwiko. Alikaa kitako na mpangaji, mama wa makamo aliyekuwa akichambua mchele.

"Bi mkubwa, unyevu huu unauona zaidi lini?"

"Hata sasa kaskazi, mwanangu. Mvua hakuna, jua kali, na ukuta unatoka maji. Ukitaka kuuona vyema njoo asubuhi wakijaza tangi."

Kwa jibu hilo uchunguzi ulikwisha. Fundi alipanda juu, akaomba pampu iwashwe, akalifuata bomba kwa mkono mpaka kwenye kiungo kilichojificha nyuma ya choo. Pampu ilipofanya kazi kiungo kilitoka jasho, kikadondosha tone, na tone likazama ukutani. Tone moja kila sekunde ni takriban lita 20 kwa siku. Kiungo kilibadilishwa, na ukuta ukaachwa wazi bila lipu ili ukauke kwanza. Lipu ilikuja baadaye sana, ikakaa. Zile lipu za mwanzo zote zilikuwa fedha za bure, na taarifa ya kuziokoa ilikuwamo chumbani siku zote, kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mpangaji ndiye anayeishi na ukuta. Anajua harufu yake, anajua saa unapolia. Mwenye nyumba mwenye busara humuuliza yeye kabla ya kumuuliza fundi.

Kichwa cha boriti

Ukiniuliza mahali pa hatari kuliko pote katika nyumba hizi, nitakuonyesha pale boriti inapoingia ukutani. Katikati ya chumba boriti ya mkoko inapata hewa na huweza kudumu miaka mingi mno. Kichwa chake kimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukilowa, kichwa hulowa, kikaoza kimyakimya huku sehemu yote inayoonekana ikiwa nzima. Mchwa nao hupenda mti uliolainika kwa unyevu, na njia zao za udongo hupanda pembeni ambapo kabati la mpangaji limeficha.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Panda ngazi, gonga boriti kwa nyundo ndogo kuanzia katikati kuelekea ukutani. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu. Ukisikia sauti imefifia na kuwa nzito, simama hapo. Chukua bisibisi, ichome taratibu pale boriti inapogusana na ukuta. Katika mti mzima haiendi. Ikizama kama inaingia katika muhogo uliochemka, boriti hiyo haibebi tena, inabebwa na jirani zake. Weka alama ya chaki na uendelee na inayofuata, mpaka umalize dari nzima. Zikiwa mbili tatu zilizo mbalimbali, zibadilishwe moja baada ya nyingine huku dari imeegemezwa kwa nguzo. Zikiwa nyingi zinazofuatana, wapangaji wa chumba hicho na wa chini yake wahame siku hiyohiyo, kisha ndipo mjadala wa gharama uanze.

Nini huzilowesha boriti? Mara nyingi ni mambo tuliyoyaleta wenyewe tukitafuta kodi zaidi. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja imegawanywa kwa familia nne, na kila moja inataka choo chake. Bafu linawekwa ghorofani juu ya sakafu ya chokaa na boriti; vigae vinapendeza, lakini maji hupenya pembeni mwa tundu la kutolea maji. Kiyoyozi kinatundikwa, na bomba lake linaachwa likidondosha maji ukutani msimu mzima. Juu ya paa linawekwa tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji peke yake yana uzito wa kilo 1,000, karibu uzito wa watu 14 wa kilo 70 waliosimama pamoja bila kuondoka. Wenye nyumba huweka matatu ya namna hiyo pembeni mwa paa, kisha wakashangaa ufa unapotokea chini yake.

Dawa ipo. Mabafu yapangwe kwa kupandana, moja juu ya jingine, kwenye upande mmoja wa nyumba, ili mabomba yapite nje au katika mfereji unaofunguka, pasiwe na bomba lililozikwa ukutani. Maji ya kiyoyozi yapelekwe kwa mpira hadi kwenye mfereji. Matangi yashushwe uani, kisha maji yapandishwe kwa pampu hadi tangi dogo, lililokalishwa juu ya makutano ya kuta nene.

Wapo wanaokata shauri kuondoa boriti zote na kumwaga zege la nondo. Nawasihi wasifanye hivyo bila mhandisi anayezifahamu kuta za chokaa. Zege ni zito kuliko sakafu ya zamani na halichezi pamoja na ukuta unaolibeba. Na nondo katika hewa hii ya chumvi, hasa mchanga ukiwa wa baharini, hushika kutu. Kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Siku ya Krismasi mwaka 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake iliporomoka kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na lilijulikana kuliko jengo lolote la Unguja. Tangu siku ile hakuna mwenye nyumba mjini humu anayeweza kusema hakujua kwamba nyumba kongwe inaua.

Kuusoma ufa

Si kila ufa ni wa kutisha. Ufa mwembamba wa lipu, unaotawanyika huku na huku, ni wa lipu tu. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari unasema kwamba upande mmoja wa ukuta unashuka au kizingiti cha juu ya dirisha kimeoza. Ufa wa wima mahali kuta mbili zinapokutana, mpana juu na mwembamba chini, unasema ukuta wa nje unaegemea nje. Na ukuta uliotoa tumbo, ambao ukiugonga unajibu kwa sauti ya uwazi, umegawanyika ndani: uso wa nje na uso wa ndani vimeachana. Huo haungoji mwakani.

Swali kubwa ni kama ufa uko hai. Waashi huuwekea shahidi: kiraka kidogo cha plasta kinachopita juu ya ufa, na tarehe imeandikwa pembeni kwa penseli. Kiraka kikibaki kizima masika yote na kaskazi yote, ufa ni wa zamani na umelala. Unaweza kuuziba kwa chokaa. Kikipasuka, ufa unatembea, na kuuziba ni kuficha habari unayoihitaji. Tafuta kwanza kinachousukuma.

Usisahau miti. Mbegu za mitini ya mwitu huletwa na ndege, zikaota juu ya ukuta penye unyevu. Mche wa urefu wa kiganja hung'olewa kwa mkono. Ukiachwa, mizizi huingia kati ya mawe na kuyatenganisha, na kukata matawi kila mwaka hakusaidii kitu, kwa sababu mzizi huendelea kunenepa.

Mwaka wa nyumba

Kazi za nyumba kongwe zifuate pepo na mvua. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi mwanzoni, ni wakati wa paa: mabati yakaguliwe, misumari iliyolegea ibadilishwe, mirizabu isafishwe majani na mizoga ya ndege. Unguja hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka katika masika, kati ya Machi na Mei. Masika yenyewe si wakati wa kutengeneza, ni wakati wa kutazama. Mvua kubwa ikinyesha, chukua mwavuli na uende. Tazama maji yanamwagika wapi na yanasimama wapi, na piga picha. Saa moja ya mvua kubwa itakufunza zaidi ya ukaguzi wa wiki nzima wakati wa jua.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo majira ya chokaa. Mvua zimepungua, jua si kali, lipu inakauka bila haraka. Kabla ya vuli ya Oktoba, rudi kwenye mirizabu mara nyingine. Kazi yoyote inayobadilisha sura au muundo wa jengo itake kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Peleka maombi mapema, ili kibali kisikukute masika imeanza na paa limefunuliwa.

Kila unachokiona kiandike katika daftari moja la nyumba: tarehe, chumba, fundi, kazi, gharama. Daftari hilo likipita kwa mrithi au mnunuzi lina thamani, kwa sababu linamwambia mabomba yamepita wapi.

Fungu la nyumba

Yote haya ni fedha, na hapa ndipo nyumba nyingi hufa. Familia ina warithi wanane, kodi inagawanywa siku inayoingia, na paa linapovuja kila mmoja anamtazama mwenzake. Wanazuoni wa fikihi walilijibu jambo hili zamani walipoizungumzia wakfu: mapato huanza kuiimarisha mali yenyewe, na kinachobaki ndicho huwafikia wanufaika. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, kwa hiyo kanuni hii si ngeni kwetu. Nashauri kila nyumba ya kupangisha ihesabiwe hivyo, iwe ya wakfu au ya mtu binafsi. Nyumba iwe mrithi wa kwanza.

Tuseme nyumba ina wapangaji wanne, kila mmoja akilipa shilingi 150,000 kwa mwezi. Hizo ni 7,200,000 kwa mwaka. Toa kodi ya miezi miwili, yaani 1,200,000, uiweke katika akaunti ya peke yake ambayo hakuna anayeigusa kwa harusi wala kwa ada. Mwaka usio na kazi kubwa, fungu hilo lisigawanywe, kwa sababu paa na boriti hulipwa kwa akiba ya miaka kadhaa. Mwenye nyumba ambaye hesabu yake haifungi bila ya fungu hilo ajue kwamba sehemu ya kile anachokiita faida ni ukuta wake mwenyewe anaoula.

Mkataba nao useme wazi nani anatengeneza nini. Paa, kuta, sakafu, mabomba makuu na nyaya za umeme ni za mwenye nyumba. Balbu, koki ya ndani na kioo kilichovunjwa na mtoto ni vya mpangaji. Zaidi ya hapo, pawe na namba moja ya simu ya kupokea taarifa, na anayeipokea ajibu. Mpangaji aliyetoa taarifa mara tatu bila kujibiwa hatatoa ya nne, na hiyo ya nne huenda ndiyo iliyokuwa ya boriti.

Fedha zikiwa chache, kama zilivyo kwa wengi wetu, shika utaratibu huu. Anza na chochote kinachoweza kumwangukia au kumuunguza mtu: boriti iliyooza, ukuta wenye tumbo, nyaya za umeme zilizochakaa. Cha pili ni paa na mirizabu. Cha tatu ni mabomba na maji machafu. Cha nne ni kuondoa saruji pale inapoudhuru ukuta na kurudisha chokaa. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na mwaka ambao fedha zimeishia kwenye mabomba, iache nyumba ikae na rangi yake ya zamani.